Mlima Juu ya Meza: Uhalisia Mchanganyiko na Ujifunzaji wa Hisabati katika Miteremko ya Kilimanjaro

Hisabati ya maumbo yenye vipimo vitatu, yaani maumbo yaliyo na urefu, upana na kimo, hufundishwa katika shule nyingi za Tanzania juu ya ubao wenye vipimo viwili tu, na katika pengo hilo la kipimo kimoja hupotea sehemu kubwa ya maana ya somo kabla mwanafunzi hajaandika hata mstari mmoja wa jibu. Mchemraba ukichorwa ubaoni, pembe zake zote, ambazo kwa hakika ni za nyuzi 90, huonekana nyingine zikiwa nyembamba na nyingine zikiwa pana. Kingo zilizo nyuma huwekwa kwa mistari ya vidoti. Na mistari miwili isiyokutana kamwe, kwa kuwa mmoja unapita juu na mwingine chini, hukatana mbele ya macho ya darasa zima. Mwalimu hasumbuliwi na mkato huo kwa sababu mchemraba umekwisha kusimama akilini mwake, lakini mwanafunzi anayekutana na mchoro huo kwa mara ya kwanza hutakiwa auamini na papo hapo asiuamini, wala mara nyingi haambiwi ni sehemu ipi ya kuamini na ipi ya kuacha.

Ugumu huo umepimwa. Mwaka 1971 wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa picha mbili za maumbo yaliyoundwa kwa vimchemraba vilivyounganishwa, wakaulizwa kama ni umbo moja lililogeuzwa au ni maumbo mawili tofauti, na ikadhihirika kwamba muda wa kujibu uliongezeka sawia na ukubwa wa pembe ya mgeuko, kana kwamba kila mmoja alilazimika kulizungusha umbo akilini hatua kwa hatua. Kuzungusha huko ni kazi ya fikra, na mwanafunzi anayeimaliza nguvu yake katika kulisimamisha umbo hubakiwa na kidogo cha kutafutia pembe aliyoulizwa. Kazi hiyo hata hivyo hufundishika: mwaka 2013 David Uttal na wenzake walizichambua kwa pamoja tafiti 217 za mazoezi ya uwezo wa kuona maumbo akilini, wakakuta kwamba uwezo huo hukua kwa watoto na kwa watu wazima, kwa wanawake na kwa wanaume. Kwa hiyo hakuna msingi wa kumwambia binti wa Kidato cha Pili, kwa sababu tu mchoro wa piramidi umemshinda leo, kwamba hisabati si fungu lake, na kauli hiyo, ambayo bado husikika madarasani na hata majumbani, ni dhuluma kwa mtoto.

Katika Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, takriban robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu somo la Hisabati. Sababu za hali hiyo ni nyingi, kuanzia uhaba wa walimu na wingi wa wanafunzi darasani hadi mpito wa ghafla wa lugha kati ya shule ya msingi na sekondari, na hakuna kifaa kinachoweza kuziondoa zote. Linalotetewa hapa ni dai dogo zaidi lenye mipaka: kwamba mada zile ambazo kizuizi chake ni kuona, kama vile maumbo yenye vipimo vitatu, vekta, badiliko la maumbo kwa matriksi na Dunia kama tufe, zinaweza kufundishwa kwa msaada wa uhalisia mchanganyiko, na kwamba katika shule za Mkuu, Marangu, Kibosho au Machame msaada huo utafaa pale tu utakapoanzia katika mlima Kilimanjaro wenyewe, ambao ni umbo kubwa kuliko yote yanayoonekana kutoka dirisha la darasa.

Uhalisia mchanganyiko ni jina la jumla la teknolojia zinazoweka vitu vilivyoundwa na kompyuta ndani ya mahali halisi alipo mtazamaji, vikatulia mahali pake hata yeye akitembea, akiinama au akizunguka upande wa pili. Hutofautiana na uhalisia pepe, ambao humzibia mtazamaji chumba alimo na kumtia katika ulimwengu uliotungwa wote, kwa kuwa katika uhalisia mchanganyiko meza, mwalimu na wanafunzi wenzake hubaki wakionekana. Paul Milgram na Fumio Kishino, katika makala yao ya mwaka 1994, waliupanga uwanja huu kama mstari mmoja wenye ncha mbili, upande mmoja ukiwa mazingira halisi matupu na upande wa pili mazingira ya kompyuta tupu, na kila kilicho katikati kikiwa ni mchanganyiko wa kiasi fulani. Chombo cha kwanza cha kuvaliwa kichwani kilichofanya kazi hiyo kilielezwa na Ivan Sutherland mwaka 1968, nacho kilikuwa kizito kiasi cha kuhitaji kuning'inizwa kutoka darini. Kilichoonekana ndani yake kilikuwa maumbo ya mistari mitupu, ukiwamo mchemraba, yakielea chumbani. Inastahili kukumbukwa, basi, kwamba jiometri haikuletwa baadaye katika teknolojia hii kama mgeni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza kuonyeshwa.

Jaribio lililo karibu zaidi na mahitaji ya shule lilifanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna, nchini Austria, ambako Hannes Kaufmann na Dieter Schmalstieg walitengeneza Construct3D, programu ya kufundishia jiometri. Mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja akiwa na miwani yake na kalamu inayofuatiliwa na kamera, walisimama kulizunguka umbo moja lililoelea kati yao, wakalijenga, wakalikata kwa bapa, yaani uso ulionyooka usio na kikomo, na kulitazama kila mmoja kutoka upande wake. Thamani ya mpangilio huo ni kwamba watu wawili waliendelea kuonana na kuongea. Aliyeona duaradufu na aliyeona duara walipaswa kuelezana kwa nini mkato mmoja wa koni unatoa picha mbili, na maelezo hayo, yanayotoka kinywani mwa mwanafunzi kabla hayajatoka kitabuni, ndiyo hisabati.

Jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi ni somo la hisabati lenyewe, na pengine ndilo somo bora kuliko picha zinazozalishwa. Kifaa hujua kilipo kwa kuunganisha picha za kamera na taarifa za vihisi vya mwendo na vya mgeuko, kisha hukokotoa ni wapi kila nukta ya umbo inapaswa kuangukia kwenye skrini, na hurudia ukokotozi huo makumi ya mara kwa kila sekunde ili umbo lisionekane kuyumba. Mgeuko hukokotolewa kwa matriksi, yaani mpangilio wa namba katika safu na safuwima, zile zile ambazo mwanafunzi wa sekondari huzidishia nukta ili kuzungusha pembetatu kwenye karatasi ya grafu, au kwa kwaternioni, namba za sehemu nne alizozigundua William Rowan Hamilton mjini Dublin tarehe 16 Oktoba 1843. Hatua ya mwisho, ya kukishusha kitu chenye vipimo vitatu hadi kwenye skrini yenye vipimo viwili, ni ya kugawanya: kimo cha nukta juu ya jicho hugawanywa kwa umbali wake kutoka kwenye jicho, na kanuni hiyo haina zaidi ya pembetatu zinazofanana.

Kanuni hiyo ya kugawanya inaweza kupimwa kwa macho matupu kutoka Mkuu, wilayani Rombo. Mtu aliyeko Moshi, kusini mwa mlima, huona vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, vikiwa vimekaa kando kwa kando, Kibo kushoto na Mawenzi kulia, na hana shaka ni kipi kilicho kirefu. Mtu aliyeko Rombo, upande wa mashariki, huona Mawenzi ikiwa imesimama mbele na Kibo ikijitokeza nyuma yake, kwa sababu vilele hivyo viwili vimetengana kwa kilomita 11 hivi kwa mwelekeo wa mashariki na magharibi. Ichukuliwe kwamba mtazamaji yuko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kilomita 20 kutoka Mawenzi na kilomita 31 kutoka Kibo. Mawenzi, yenye mita 5,149, imemzidi kwa mita 3,649, na 3,649 ikigawanywa kwa 20,000 hutoa 0.182, na Kibo, yenye mita 5,895, imemzidi kwa mita 4,395, na 4,395 ikigawanywa kwa 31,000 hutoa 0.142. Pembe ya kutazamia juu ni nyuzi 10 hivi kwa Mawenzi na nyuzi 8 hivi kwa Kibo, kwa hiyo kilele kilicho kifupi kwa mita 746 huonekana kirefu zaidi machoni, na mtoto wa Rombo anayechora Mawenzi juu ya Kibo amechora sawasawa kabisa kile anachokiona.

Kutoka hesabu hiyo mwalimu anaweza kwenda mbali. Kwa kuwa Dunia ni tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 hivi, uso wake hujipinda chini ya mstari wa kutazamia kwa kiasi kinachokaribia umbali kipeo cha pili ukigawanywa kwa kipenyo, yaani mita 31 kwa kilomita 20 na mita 75 kwa kilomita 31, masahihisho ambayo hayabadili mpangilio wa vilele lakini yanaifanya mada ya Dunia kama tufe iwe na kazi ya kufanya. Kwa njia hiyo hiyo upeo wa macho kutoka kilele cha Uhuru, ncha ya juu ya Kibo, hukokotolewa kuwa kilomita 274 hivi, bila kuhesabu kupinda kwa mwanga angani. Hata kimo chenyewe cha mlima kina somo ndani yake: mita 5,895 zilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952, upimaji kwa setilaiti wa mwaka 1999 ukatoa mita 5,892 hivi, na ule wa mwaka 2008 ukatoa mita 5,891 hivi, tofauti ambazo zinatokana kwa sehemu kubwa na namna ya kupima na swali la usawa wa bahari ni upi mahali palipo mbali na bahari. Mwanafunzi anayeelewa kwamba namba hupata maana kutokana na sifuri iliyochaguliwa ameelewa jambo ambalo kanuni nyingi alizokariri hazikumfundisha.

Mlima huo umekwisha kugeuzwa kuwa namba, na namba hizo ni mali ya umma. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka Dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu, na kuanzia mwaka 2014 vipimo vyenye nafasi ya mita 30 hivi kati ya nukta na nukta vilianza kutolewa bure kwa ulimwengu mzima, bara la Afrika likiwa la kwanza. Kwa kila nukta ya ramani ya Rombo, Hai au Moshi Vijijini upo urefu mmoja uliopimwa, na huo ndio ufafanuzi wa fungsheni ya vigeu viwili: kwa kila jozi ya mashariki na kaskazini kuna kimo kimoja. Programu huweza kuichukua data hiyo na kuusimamisha Kilimanjaro juu ya meza ya darasa kwa kimo cha shubiri moja, wanafunzi wakauzunguka, wakaukata kwa bapa la ulalo katika mita 2,000, 3,000 na 4,000, na kuona kila mkato ukiacha mstari uliofungwa. Mistari hiyo ikishushwa mezani na mlima ukiondolewa, kinachobaki ni ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Mbinu hiyo ya kontua ilisaidiwa sana na Charles Hutton, mwanahisabati aliyepewa vipimo vya mlima Schiehallion wa Scotland vilivyokusanywa tangu mwaka 1774 kwa ajili ya kukadiria uzito wa Dunia, akaunganisha vimo vilivyo sawa kwa kalamu ili aweze kuliona umbo katika msitu wa tarakimu. Hisabati ilihitaji kuona hata mikononi mwa waliobobea.

Namna moja ya uhalisia mchanganyiko haihitaji miwani kabisa, nayo inafaa kutajwa kwa kirefu kwa sababu inaelekea kuwa ndiyo ambayo shule zetu zinaiweza. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, Oliver Kreylos na wenzake walitengeneza sanduku la mchanga ambalo juu yake huning'inizwa kamera ya kupima kina na projekta. Kamera hupima kimo cha mchanga kila mara, kompyuta hukokotoa kontua, na projekta humulika rangi na mistari ya kontua juu ya mchanga wenyewe. Mtoto akichota mchanga na kuongeza kilima, mistari husogea papo hapo. Akichimba bonde, hujipinda kuelekea juu ya bonde. Darasa zima huona kitu kimoja kwa pamoja, mikono kadhaa huingia sandukuni kwa wakati mmoja, na hakuna anayesubiri zamu ya miwani. Gharama ya kompyuta, projekta na kamera si ndogo kwa shule ya kata, lakini ni gharama ya seti moja kwa shule nzima, na mchanga upo.

Katika miteremko ya Kilimanjaro sanduku hilo lingekuwa na swali lake la asili, ambalo ni mfongo. Mifongo ni mifereji ya kumwagilia iliyochimbwa na Wachagga kwa vizazi vingi, ikitoa maji katika mabonde ya mito na kuyazungusha kwenye mabega ya mlima hadi katika vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba. Wageni waliofika Uchagga katika karne ya 19 waliishangaa, na katika maeneo yenye mito mingi kama Kibosho, Machame, Kilema na Marangu mingi ingali inatumika, ingawa Rombo, iliyo upande mkavu wa mlima, haikujaliwa maji kwa kiasi hicho. Anayechimba mfongo hukabiliwa na sharti gumu la kihisabati: ukiteremka kwa kasi maji huula udongo na kuvunja kingo, na ukilala mno maji hutuama na kuacha matope. Ichukuliwe kwamba mteremko wa ardhi ni mita moja kwa kila mita tano za ulalo, na kwamba mfongo unatakiwa ushuke mita moja tu kwa kila mita 200 za urefu wake. Ni mwelekeo upi wa kuufuata juu ya uso wa mlima?

Jibu lake ni pembe kati ya mistari miwili iliyo juu ya bapa lililoinama, mada ile ile inayowatesa watahiniwa wa Kidato cha Nne. Mstari ulio juu ya bapa lenye mwinamo wa pembe α, ukiachana na kontua kwa pembe θ, hushuka kwa kila mita ya urefu wake kiasi kilicho sawa na sini ya θ mara sini ya α. Mteremko wa moja kwa tano una pembe ya nyuzi 11 na sehemu kidogo, ambayo sini yake ni 0.196, na mshuko unaotakiwa ni 0.005, kwa hiyo sini ya θ ni 0.0255 na θ yenyewe ni takriban digrii moja na nusu. Ndiyo kusema kwamba mfongo huo hukaribia kuwa kontua, na upungufu wa ustadi wa digrii moja tu ungeuongezea mshuko kwa zaidi ya nusu au ungeukatia theluthi mbili. Wazee waliopitisha maji hayo kilomita nyingi bila darubini ya upimaji walikuwa wameishika digrii hiyo moja na nusu kwa macho, kwa miguu na kwa maji yenyewe, na mwanafunzi anayeuchora mfongo kwa kidole juu ya mlima wa mchanga, akaona kidole chake kikiuacha mstari wa kontua kwa kiasi kidogo tu, anaingia katika urithi wa kufikiri uliokuwapo kabla ya shule ya kwanza kujengwa Uchagga. Hapo trigonometria haihitaji kutetewa kwamba ina faida.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita mlima unabeba pia hisabati ya mabadiliko. Utafiti uliochapishwa na Lonnie Thompson na wenzake mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo Kibo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2007; ikiwa kupungua huko kutaelezwa kwa fomula ya kipeo, kiwango chake ni karibu asilimia 2 kwa mwaka, na ramani ya barafu ya zamani ikitandazwa juu ya umbo la kilele cha sasa hueleza maana ya kiwango hicho haraka kuliko jedwali.

Zipo sababu za kuwa na tahadhari. Mwaka 2019 Guido Makransky, Thomas Terkildsen na Richard Mayer walichapisha utafiti kuhusu maabara ya sayansi iliyoigizwa kwa kompyuta, ambamo wanafunzi waliovaa miwani ya uhalisia pepe walijihisi wamo ndani ya maabara kuliko wenzao waliotumia skrini ya kawaida, lakini walijifunza machache kuliko wenzao hao. Matokeo hayo yalihusu uhalisia pepe, hayakuhusu jiometri, hata hivyo yanatosha kuonya kwamba msisimko na maarifa ni vitu viwili, na kwamba jicho lililoshiba linaweza kuiacha akili na njaa. Kifaa kinachomzungushia mwanafunzi umbo kila mara kinaweza kumnyima mazoezi yale yale ya kuzungusha akilini ambayo Uttal na wenzake waliyakuta yakileta ukuaji. Kwa hiyo mpangilio wa kipindi una uzito kuliko ubora wa picha: mwanafunzi akadirie kwanza, achore kwa penseli mkato anaoutarajia, aandike pembe anayoidhani, kisha ndipo kishikwambi kiinuliwe na mchoro wake ulinganishwe na kilichopo, na mwishoni kifaa kizimwe na swali jipya lijibiwe bila msaada wowote. Somo linaloishia kwenye kushangaa halijafika.

Tena picha, hata iwe nzuri kiasi gani, haithibitishi. Mistari miwili inayoonekana kuwa sambamba kwenye skrini inaweza kukutana baada ya kilomita mia. Ardhi iliyopimwa kwa nukta za kila mita 30 huwa imelainisha genge lililo kati ya nukta mbili, na Mawenzi, yenye magenge makali, ni mahali ambapo kosa hilo ni kubwa. Mwalimu mzuri ataligeuza kosa hilo kuwa somo, awaulize wanafunzi ni kimo gani kinachoweza kujificha kati ya nukta, kwa kuwa kutambua pale ambapo kielelezo kinakoma ni sehemu ya hisabati isiyopungua uzito kuliko kukitumia. Na kuna maeneo makubwa ya somo, kama vile aljebra ya milinganyo au nadharia ya namba, ambako uhalisia mchanganyiko una machache ya kutoa, na ingekuwa ni kupoteza muda wa watoto kuulazimisha huko.

Suala la vifaa linahitaji kusemwa bila kupambwa. Miwani ya HoloLens ya Microsoft ilipotoka mwaka 2016 kwa ajili ya watengenezaji wa programu iliuzwa kwa dola 3,000 za Marekani, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikatangaza kusimamisha utengenezaji wa toleo lake la pili. Shule iliyojenga mpango wake wote juu ya chombo kama hicho ingebaki na sanduku la mitambo isiyo na mrithi. Njia iliyo salama hupita katika vifaa ambavyo tayari vimo mikononi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu nchini, na kishikwambi ni skrini yenye kamera na vihisi. Mbinu ya alama ya mraba mweusi iliyochapwa kwenye karatasi, ambayo Hirokazu Kato na Mark Billinghurst waliieneza kuanzia mwaka 1999, huiwezesha kamera ya kawaida kutambua mahali na mwelekeo wa karatasi kisha kusimamisha umbo juu yake bila kuhitaji simu ya bei kubwa, na kiini chake ni kwamba pembe nne za mraba uliopindishwa na mtazamo zinatosha kukokotoa kamera iko wapi, swali ambalo ni la jiometri tupu. GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, hupatikana bure kwa wanafunzi na hubeba maumbo ya vipimo vitatu. Mtandao nao si kikwazo cha kudumu katika mlima ambao mwezi Agosti 2022 ulifikishiwa intaneti katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ingawa shule za vijijini zitafanya vyema kupakua kila kitu mara moja na kufundisha bila kutegemea mawimbi. Kwa kuwa wanafunzi wa sekondari kwa kawaida hawaruhusiwi simu shuleni, chombo kitakuwa cha mwalimu, kikizungukwa na kikundi, jambo ambalo kwa somo hili ni heri.

Lililo gumu ni kuwaandaa walimu, na hapo Chuo cha Ualimu Marangu na Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge mjini Moshi, vyenye historia ya kuandaa walimu, vimekaa mahali pazuri kuliko kampuni yoyote ya ng'ambo. Vipindi vilivyotungwa kwingine huja na minara na madaraja ya kwingine. Vipindi vya mfongo, vya vilele viwili na vya barafu vitatungwa na wanaoishi chini ya mlima au havitatungwa. Wanaovitunga wakumbuke pia kwamba si kila mwanafunzi anaona. Shule ya Msingi Mwereni, mjini Moshi, hupokea watoto wasioona pamoja na wanaoona, na mlima wa mchanga uliowekewa uzi kwenye kila kontua husomeka kwa vidole. Chombo kinachosifiwa kwa kuonyesha kitakuwa kimewatenga watoto hao ikiwa hakitakuwa na upande wa kushikika tangu siku ya kwanza ya kubuniwa kwake.

Zoezi moja linaweza kuanza bila fedha yoyote, hata kabla ya kishikwambi kuwashwa. Mstari unaopita katika kilele cha Uhuru na kilele cha Mawenzi, ukirefushwa kuelekea mashariki, hushuka upande wa Rombo na kuikata barabara inayotoka Mwika kupitia Mkuu hadi Tarakea, na mahali hapo ndipo Kibo husimama nyuma ya Mawenzi hasa. Wanafunzi wakipewa majira ya nukta ya vilele viwili kutoka kwenye ramani, wataandika mlinganyo wa mstari, wataichukua barabara kama mistari mifupi iliyoungana, watatafuta nukta ya mkato kwa milinganyo miwili ya pamoja, na watakadiria kosa la jibu lao kutokana na usahihi wa majira waliyopewa. Kishikwambi kitawawekea mstari huo juu ya picha ya mlima. Kisha watakwenda barabarani siku isiyo na mawingu, mapema asubuhi, watembee kaskazini na kusini ya mahali walipopata kwa hesabu, wakiangalia ni wapi vilele viwili vinapishana, na tofauti kati ya jibu la karatasi, la skrini na la barabara itapimwa kwa hatua na kuandikwa daftarini pamoja na sababu zake.